Kaunta Niliyoiita Dirisha la Dawa

Mimi ni diwani, na juzi nilitamani ardhi ipasuke. Kamati yetu ilikuwa ikakague jengo jipya la hospitali hapa Mpemba, kabla hatujapitisha mpango wa kuhamishia humo wodi ya wazazi. Nilichelewa kutoka nyumbani. Nikaona jengo kando ya barabara kuu, nikavaa kofia ya ujenzi, nikaingia. Wenzangu sikuwaona, nikajisifu kwamba kumbe nimewahi.

"Kila chumba na choo chake! Hapa kina mama watajifungua kwa raha," nikamwambia fundi.

"Ndiyo, mheshimiwa." Mafundi wetu hawabishani na kiongozi.

Ukumbini nikakuta kiukuta kifupi kimeziba njia. "Hili ndilo dirisha la dawa? Machela itapita wapi? Vunja!"

"Mheshimiwa, mwenye jengo..."

"Mwenye jengo ni wananchi! Vunja!"

Wakavunja. Vumbi lilipotulia, mama mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni. Nilijua anajenga mahali fulani, lakini kwetu mtu hasemi na mama mkwe wake ana kwa ana, sasa ningemuuliza vipi? Akageukia ukutani, akajifunika kitenge usoni, akamwambia fundi:

"Mwambie mkwe wangu hospitali iko ng'ambo ya barabara. Hii ni gesti yangu, na alichovunja ni kaunta ya baa."

Fundi akanigeukia, nyundo bado mkononi, akakohoa kidogo.

"Mheshimiwa, mama anasema hospitali iko ng'ambo ya barabara."