Nilifuta neno "mukuyakuya" kwenye kundi letu la lugha, anayeitwa hivyo akaniuliza kwa nini

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Niko mji wa Baraka, Kongo, upande wa pili wa Ziwa Tanganyika ukitokea Kigoma. Ninachoandika kimenitokea mwenyewe. Majina tu nimebadilisha, maana wenyewe tunasali pamoja. Anayedhani ni chai, anywe tu, ila ya kwangu haina sukari.

Ninaendesha kundi la WhatsApp la maneno ya kwetu, Kibembe na Swahili ya Fizi, eneo letu. Kila asubuhi mtu anatupa neno, wengine wanalieleza. Majina ya samaki, ya vyungu, ya majani ya dawa, matusi madogo madogo ya bibi zetu. Wamo wa Baraka, Lweba, Swima, Lubondja, na waliotawanyika Uvira, Kigoma hadi Ulaya.

Kanuni zilikuwa mbili.

Ya kwanza, siasa hapana.

Ya pili, ukieleza neno utume audio, na utaje sentensi yenyewe kama ulivyoisikia au ulivyoisema wewe, na nani alikuwa anaambiwa. Tuliiweka kwa sababu watu walikuwa wanakopi maelezo mtandaoni na kujifanya maprofesa. Ikasaidia sana. Neno likawa linakuja na mtu wake.

Sikujua kama hizo kanuni mbili zitakuja kugombana.

Asubuhi moja kijana wetu wa Ulaya akatupa neno: mukuyakuya.

Kwa msiolijua, ni mtu wa kuja, asiye wa hapa. Kuna siku linasemwa watu wakacheka. Lakini kwetu neno hilo limeshaamua nani alime shamba lipi, nani apigiwe kura, na vurugu zikianza, nani afunge mizigo kwanza. Nikafuta, nikaandika, "Tuendelee na samaki."

Nilijiona nimefanya kazi ya maana kweli.

Haukupita muda, Mama Goreth akatuma audio. Huyu ni Mrundi, alikimbia kwao, sasa analima maharagwe na mihogo karibu na Lweba. Aliingia kundini kwa sababu binti yake, Yvette, alikuwa na uchumba na kijana Mbembe wa Swima, naye akataka kusikia lugha ya wakwe. Yvette alikuwemo pia, ila ni wa kusoma tu, haandiki kitu. Na shangazi wa huyo kijana, Mama Riziki, muuza ndagala, yaani dagaa, alikuwemo vilevile. Tena ndiye fundi wetu wa Kibembe.

Mama Goreth alisema hivi:

"Admin, jina ya samaki munajadili, jina yenye bantu bananiitaka kwa soko munafuta. Mi nataka kujua. Ile neno ilianzaka wapi? Juu ya nini bengine banaisemaka na kucheka, na mi inaniuma?"

Wakuu! Nilifuta kwa ajili yake, na yeye ndiye anauliza!

Nikampigia admin mwenzangu. Akaniambia ukirudisha hilo neno, skrinshoti zitazunguka mji mzima, na dot ya mtoto wa watu itaharibika. Dot ndiyo mahari kwetu. Hilo ndilo lilinitisha, maana familia ya Swima ilikuwa inajiandaa kwenda kujitambulisha.

Lakini udadisi nao ni ugonjwa. Nilitaka kusikia jibu la swali la yule mama, nilitaka hasa. Nikarudisha neno na kuandika chini yake: sentensi zenu wenyewe, hotuba hapana.

Za mwanzo zilikuwa za mbali mbali. Mmoja alilisikia kwa babu yake, akimwambia Mbembe mwenzake aliyehamia kutoka Lubondja. Hilo lilinishangaza, sikujua kama hata sisi kwa sisi tuliitana hivyo. Wa Kigoma akasema kule yeye ndiye mtu wa kuja. Nikaanza kufurahi, nikaona tunaelimika.

Kisha akaingia Mama Riziki. Sauti yake tunaijua, ni ya sokoni, lakini siku hiyo ilikuwa chini.

"Sentensi yangu ni hii. Nilisema kwa kikao ya famille: 'Hatuwezi kupeleka dot kwa bakuyakuya, kesho batarudia kwabo na mutoto wetu.' Nilikuwa naambia kaka yangu. Kanuni ni kanuni, admin."

Niliona idadi ya waliosikiliza ikipanda. Nilitamani simu izime.

Mama Goreth akajibu mwenyewe.

"Aksanti, mama. Yangu ni hii. Niliambia Yvette: 'Usiolewe kwa benye inchi. Utabazalia batoto, na siku ya hasira batakuita mukuyakuya mbele ya hao batoto.'"

Hapo watu wengi waliondoka kundini. Kijana wa Ulaya akaniita mchochezi, wakati neno alilileta yeye! Nilicheka kwa hasira.

Baadaye Mama Riziki alikwenda Lweba nyumbani kwa Mama Goreth na ndagala wake kwenye beseni. Waliongea nini sijui, na nilijizuia kuuliza, ingawa ilinila.

Siku ya kujitambulisha nilikuwepo. Upande wa mwanaume husimama nje ya mlango mpaka uulizwe umetoka wapi na unatafuta nini. Mama Riziki ndiye alisimama mbele, juani. Mama Goreth akamwacha asimame kidogo, tena kidogo chenye urefu wake. Kisha akawakaribisha kwa Kibembe, kile Kibembe cha kuchechemea cha kundini kwetu, na Mama Riziki akapiga vigelegele mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani.

Nilirudi Baraka kifua mbele. Mama Riziki mwenyewe aliniambia, "Ungeacha ile neno imefutwa, ningeendelea kuisema kwa pembeni, na kumuchekea kwa macho."

Uzi huu ungeishia hapo na mngenipongeza.

Ila Yvette, ambaye sasa anaishi Swima kwa mumewe, ua mmoja na Mama Riziki, alitoka kundini siku ileile ya zile audio. Katika msongamano wa walioondoka sikumwona. Majuzi nikamwandikia arudi, nikamwambia mama yake alitusaidia wote kulielewa lile neno.

Akajibu:

"Mama aliuliza, mukamujibu. Mi sikuuliza. Shangazi ni muntu muzuri, ananipenda. Lakini kila siku ananipa chakula, nasikia ile sauti yake kwa audio. Nyinyi mulijifunza. Mi ndio naishi na yeye."

Nilichojifunza, kama ni somo: bado naamini maneno ya aina hii yajadiliwe, na aliyeuliza ana haki ya jibu. Lakini siku ile nilimtazama aliyeuliza tu. Aliyekuwa anaolewa alikuwa mlemle ndani, akisoma, na sikumwuliza kama yuko tayari kusikia.

Wenye makundi ya lugha, ninyi mngerudisha lile neno? Mngeanza na nani? Na kama humu kuna mtu anayeitwa jina kama hilo huko aliko, naomba achangie kwanza yeye, akitaka. Asipotaka, wengine msimlazimishe.