Enguli Niliyotia Kwenye Nyama ya Dada Yangu

Bwana Mhariri, nanyi wasomaji, nisameheni mwandiko huu na herufi nilizokosea. Niliishia darasa la nne, na barua hii naiandika polepole. Nimekosa! Kusema kwa mdomo sithubutu, kwa hiyo nasema hapa.

Miguu ya dada yangu ilianza kulegea. Daktari aliyepita Muleba alimkata kipande kidogo cha nyama pajani, kipelekwe kupimwa ng'ambo ya ziwa. Dresa, yule msaidizi wa zahanati anayefunga vidonda, alikitia katika kichupa, kichupa akakizika kwenye barafu ndani ya chupa ya chai yenye mdomo mpana. Mimi na dresa tukapanda basi pamoja kwenda Bukoba kuiwahi meli.

Mimi sikumwamini. Shuleni kwetu kulikuwa na nyoka ndani ya spiriti, haozi mwaka nenda mwaka rudi. Mbona nyama ya dada yangu imepewa barafu tupu? Nikasema moyoni: huyu ameiuza spiriti! Na mbona ameikumbatia chupa hivyo?

"Dresa, chai hiyo ya nani?" abiria mmoja alimtania.

"Ya Serikali. Ukiionja utafungwa."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Njiani basi lilichemka. Dereva akaenda kutafuta maji, dresa akashuka kusali. "Mdogo wangu, nishikie. Usiifungue," akaniambia. Hapo ndipo nikazidi kumshuku! Kikapuni nilikuwa na enguli, ile pombe kali ya ndizi inayopikwa kwa kujificha, nikimpelekea mjomba anayekaa Hamugembe, mjini Bukoba. Nikakifungua kichupa, nikakijaza enguli, nikakirudisha kwenye barafu. Nikajiona nimemwokoa dada!

Jibu likarudi: nyama inanuka pombe, haifai. Daktari akaeleza kwamba ndani ya nyama mna kitu kama chachu, na walitaka kuona kama bado kinafanya kazi. Baridi hukilaza tu. Pombe hukiua. Lo! Mimi ndiye niliyekiua!

Lawama ikamwangukia dresa, mtu asiyeonja hata lubisi, pombe yetu nyepesi ya ndizi. "Kumbe ndizo sala zake zile!" watu wanamcheka. Daktari anataka kukata tena, dada hataki.

"Waitu, jamani, mimi si ng'ombe. Mlevi yule simpi nyama yangu mara ya pili."

Sasa anakwenda migombani kwa kutambaa. Na mimi nimenyamaza!

Wenzangu, ukimshuku mtu, muulize. Mimi ningesema tu, "Mbona hamna spiriti?" dresa angenijibu palepale basini. Haya zangu zilinifunga mdomo, lakini mikono hazikuifunga!

Dada hajui kusoma. Mimi ndiye humsomea gazeti hili kila linapofika. Barua hii ikitoka, nitaanza nayo, na nitaisoma mpaka mwisho. Tafadhali niandikieni humu humu, mniambie: nikishamaliza kusoma, naye ananitazama, nimwambie nini ili akubali kukatwa tena?