Namba Niliyoibadilisha Nyakunguru

Mwaka ule bei ya dhahabu ilipopanda na watu wakaacha mahindi shambani, mjomba wangu alifungua duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, huko Nyakunguru. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na diploma ya elektroniki, natengeneza redio na simu Tarime mjini. Watu wawili walipokosa hewa ndani ya duara la jirani wakafa, nikamwomba mjomba aniruhusu nimfungie kifaa cha kutahadharisha.

Vipima hewa vinne nilivishusha kwenye kuta za shimo. Vyote viliongea na chipu moja kule juu kupitia jozi moja ya waya, kila kimoja kwa zamu yake. Ugumu ulikuwa kwenye programu ya chipu. Wiki nzima nilikompaili, yaani kuigeuza programu iwe lugha ya chipu, na kompyuta ikakataa. Ikikubali, vipima viwili vinajibu kwa pamoja na ujumbe wote unavurugika. Siku vilipopokezana vizuri nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Kengele ikafanya kazi. Kila ikilia, wachimbaji walipanda juu wakakaa mpaka hewa isafike.

Mjomba akanifuata kibandani kando ya shimo.

"Mwanangu, hicho kidude chako kina uoga mno. Watu wanashinda wamekaa. Kipunguze."

"Mjomba, kikilia maana yake hewa imechafuka."

"Kwani kabla yako tulichimbaje?"

Ningeweza kukataa. Lakini ndiye aliyenisomesha, na nilizoea kumwitikia. Nilibadilisha namba moja tu, ile ya kiwango cha kuamsha kengele, nikaipandisha, nikakompaili upya. Kompyuta haikuona kosa lolote.

Hazikupita wiki mbili, shemeji yangu, mume wa dada, akaanguka mle chini. Kengele haikulia. Walimvuta kwa kamba, akapona, kama kupona ni kushinda kibarazani kwake Morotonga akiwa amesahau majina ya watoto wake.

Mjomba aliwaambia watu, "Kidude cha binti kilikuwa kibovu." Alisema hivyo huku akinitazama usoni.

Nilipokwenda kumwona mgonjwa, dada aliniuliza mlangoni, "Wewe ndiye uliyekitengeneza. Kilinyamaza kwa nini?"

"Kiliharibika, dada."

Akanipokea mfuko wa sukari, akanipikia chai, nami nikainywa. Mpaka leo huwaambia wageni kwamba mdogo wake alijitahidi. Mjomba bado anachimba.