Mlango wa Mzee Nchagwa

Boke jirani yangu ana kichwa kigumu, na simsengenyi, namwambia usoni. Hapa Kewanja kijana akioa hukatiwa kipande cha shamba ajenge mji wake. Shamba la Boke lilishabanwa: huku mgodi, huku wanawe wanaooa.

"Nikiendelea kukata," aliniambia, "tutalima wapi, juu ya mabati?"

Basi akajenga nyumba moja iliyozunguka ua mmoja: vyumba vya wanawe, chake, na cha mzee Nchagwa, baba wa marehemu mumewe. Jiko moja, wote waingilie uani.

Ardhi ile neno la mwisho ni la mzee. Siku ya kuonyeshwa nyumba akaja na fimbo yake. Shikamoo, shikamoo. Hakuitika. Alikuwa anatazama mlango wa chumba chake, halafu wa Boke. Inatazamana! Kitanda cha Boke kilionekana mpaka mchago.

Mama yangu wee! Mkurya gani anasahau hilo? Baba mkwe haoni kitanda cha mke wa mwanawe, ni mwiko. Boke alifikiria shamba tu, mwiko ukampita.

Mzee akageuka haraka, akatupa mgongo.

"Bomoeni. Kila mtu akatiwe kipande chake, kama zamani."

Heche, kijana mkubwa wa Boke, akashika kichwa. Vipande hivyo vingemeza shamba lao lote la mahindi.

"Piga magoti, omba radhi," nikamnong'oneza Boke.

"Radhi itanijengea?"

Akabeba sururu, akaingia chumba cha mzee, akaanza kuvunja ukuta wa nyuma. Ukuta mpya jamani! Nikajua amerukwa na akili. Tofali zikaanguka, vumbi likatanda, mpaka zizi la ng'ombe likaonekana.

"Tata," akamwita baba mkwe wake kutoka ndani, "mlango wako ni huu, unatazama ng'ombe wako. Wa uani tunauziba."

Mzee akazunguka nyuma taratibu, tukabaki tunasikiliza fimbo yake mpaka ikaingia chumbani. Boke akatokea uani. Heche akakoroga udongo, akaziba mlango tofali juu ya tofali, na ndani kimya. Nilitamani kumtukana yule mzee.

Ilipobaki tofali moja ya juu, sauti ikatoka nyuma ya ukuta.

"Boke."

"Naam, tata."

"Hiyo acheni. Nitawasikiaje wajukuu?"