Kizimba Nilichokiachia

Watu wakisikia mume wangu alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo, huniuliza Mkuu mwenyewe alikuwa nani. Jamani, hata mimi nilichelewa kuelewa. Kwetu Mkuu wa Chuo ni mtu wa heshima tu, anakuja mara moja kwa mwaka kutunuku shahada. Mwenye ofisi, gari, katibu muhtasi na mhuri ni Makamu. Basi mume wangu ndiye alikuwa huyo wa mhuri. Naanza na hilo ili nisije nikaonekana nalilia kitu kidogo.

Alikuja Dar es Salaam kutoka Marekani, Mmarekani mweusi, mwalimu wa falsafa, miaka ile wenzake wengi walipokuwa wakija kwa mapenzi ya Ujamaa. Mwenyewe alisema amerudi nyumbani. Hapo nyumbani kwenyewe hakuwa na hata shangazi wa kumpa maji ya kunywa, lakini sikumbishia. Nilikutana naye soko la Kariakoo, kwenye kizimba cha mama yangu. Mama alitoka Lindi na kikapu kimoja, akauza choroko chini, juu ya gunia, miaka na miaka, hadi jengo jipya la soko lilipofunguliwa akapata kizimba kwa jina lake. Miguu ilipomshinda akaniandikisha mimi. Hakuwa na kingine cha kunirithisha.

Siku hiyo Mmarekani alinunua makopo mawili ya maharage. Nilimpimia, nikamtilia kiganja kimoja cha nyongeza, kama ninavyomtilia mteja yeyote, akaondoka. Baada ya nusu saa huyo anarudi, jasho linamtiririka, kiganja changu cha maharage kakifunga kwenye leso. Akaniambia, kwa Kiswahili cha kitabuni, kwamba nimekosea kupima na hizi punje hakuzilipia. Wanawake wa vizimba vya jirani walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikamweleza kuwa hiyo ni nyongeza. Akauliza, ni zawadi? Nikasema hapana. Imo ndani ya bei? Hapana. Sasa ni nini? Nikamwambia ni nyongeza, baba, nenda kapike. Kesho yake akaja tena na daftari.

Tulipooana watu wa kwetu walisema nimefuata Marekani. Marekani yenyewe ilikuwa vyumba viwili mtaa wa Mchafukoge, juu ya duka la familia moja ya Kihindu. Mama mwenye nyumba alinionea huruma kuliko hata dada zangu. Mshahara wa mwalimu wa chuo kikuu wakati ule ulikuwa haufiki wiki ya pili. Wenzake walifuga kuku, yeye akafuga mawazo. Sisemi kwa kumsimanga, ndivyo ilivyokuwa. Sabuni, mafuta, viatu vya watoto wetu wawili, hata karatasi alizoandikia, vyote vilitoka kwenye kizimba.

Na alichokuwa akikiandika ni hicho hicho kizimba. Jioni mimi nachambua mawe kwenye choroko, yeye kakaa na kalamu ananihoji. Hivi tajiri naye unampa nyongeza? Nampa. Na mtu usiyempenda? Nampa, ila kiganja nakibana kidogo. Na ukijua hatarudi tena? Nikamjibu kuwa huyo ndiye hasa wa kupewa, maana akifika anakokwenda atasema nini juu yetu? Akaandika. Majibu yangu yalipanda ndege. Yalienda Nairobi, yakaenda Ulaya, na yaliporudi yeye akawa Profesa. Siwezi kusema uongo, niliona fahari. Nililitangazia soko zima.

Zikaja zama za ruksa. Maduka yakajaa, Kariakoo kila mtu akawa mfanyabiashara, hata waliokuwa wakituita walanguzi. Tajiri mmoja mwenye malori ya makontena pale bandarini akaamua kufungua chuo kikuu katika jengo la ghorofa nne karibu na Posta. Alikuwa na jengo, alikuwa na vibali, alikosa profesa. Akamfuata wangu, awe Makamu Mkuu. Mtu aliyevuka bahari kwa ajili ya Ujamaa alisitasita wiki mbili, ya tatu akapimwa suti. Nilimtania, nikamuuliza kama hiyo suti nayo ni ya kijamaa. Hakucheka. Akasema pale ataweza kuhakikisha kila mwanafunzi, awe wa uhasibu au wa biashara, anasoma falsafa. Walisoma, muhula mmoja. Wa pili saa zile wakapewa watu wa kompyuta, na aliyetia sahihi ni yeye. Alirudi nyumbani akasema ni kwa muda tu.

Ilikuwa imebaki miezi miwili asimikwe rasmi alipolianza la kizimba. Na hakulianza kama mwanamume wa mtaani anayepiga meza, ningejua pa kumshika. Alilianza kistaarabu. Kwamba wazazi wa wanafunzi wanapita sokoni. Kwamba mwenyekiti wa bodi, yaani yule tajiri, aliuliza kwa upole tu kama ni kweli mke wa Makamu anapima kunde. Kila jioni neno moja, halafu ananyamaza. Siku moja nikachoka, nikamwambia aseme anachotaka.

“Sikukatazi,” akasema. “Nakuomba tu ufikirie.”

“Nifikirie nini? Anayelipwa kufikiri ni wewe.”

Lakini nilifikiria, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilifikiria wiki nzima. Mama alikuwa keshafariki, hakuna wa kumuomba radhi. Mwishowe nikamwambia sawa, nitakiachia, ila na mimi nina langu moja. Siku hiyo ya kusimikwa, mbele ya hao matajiri na mabalozi, useme tulikotoka. Useme ni kizimba kile kilichotufikisha hapo, na ni mimi niliyekuwa nimekaa nyuma yake. Akanishika mkono, akaahidi. Akasema hotuba yote itakuwa juu ya hilo, na angeanzia wapi kwingine?

Nikaenda ofisi ya soko nikasaini kumwachia jirani yangu wa kizimba, mwanamke wa Mtwara tuliyegombana na kupatana miaka ishirini. Alilia yeye, mimi sikulia. Nilirudi nyumbani kwa miguu, mikono mitupu, na sikujua niiweke wapi.

Siku ilipofika nilivaa kitenge kipya, nikakalishwa mstari wa mbele, kulia kwangu mke wa mwenyekiti. Ukumbi ulijaa. Mume wangu alipanda jukwaani na joho jekundu, na nisimnyime haki yake, lilimkaa. Akazungumza Kiswahili, kile chake kilichonyooka kama cha redio. Akasema alifika nchi hii mgeni, hajui kitu, na somo lake la kwanza la falsafa hakulipata darasani bali soko la Kariakoo. Nikaweka sawa kitenge, nikajiinua kidogo kwenye kiti ili akinitaja nisimame upesi, watu wasisubiri.

“Kulikuwa na mwanamke mmoja,” akasema, “mwanamke wa kawaida kabisa, muuza maharage. Sikupata kumjua jina.”

Akaendelea. Maswali yote yalikuwa yale yale ya jioni zetu, na majibu yote yalikuwa yangu, neno kwa neno, hata lile la kiganja kubanwa. Watu wakacheka pale pale nilipojua watacheka. Hakuangalia upande wangu hata mara moja. Alikuwa akimwangalia mwenyekiti wa bodi, na mwenyekiti alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Nilirudi chini kitini taratibu, nikajifanya nilikuwa natengeneza nguo.

Makofi yalipopungua mke wa mwenyekiti aliniinamia. Mwanamke mzuri, hakuwa na ubaya wowote, macho yalikuwa yamemlowa.

“Huyo mama wa sokoni yuko wapi siku hizi?” akaniuliza. “Wangemwalika naye leo, tukamwona.”

“Keshakufa,” nikasema.

Akanishika goti, akasema maskini, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nikaitikia amina.