Mvula ya Uongo ya Kambo

Juzi mama mumoja alikuwa anauzisha inswa, wale kumbikumbi ba kukaanga, pembeni ya depo yangu ya kuuzishia bintu, ile nilijenga miye mwenyewe bila diplome. Harufu ikanirudisha Kasungami, kwa kambo, mama ya baba.

Siku moja, nikiwa mutoto, nilimukuta anapigapiga kichuguu na tujiti, anakimwangia maji, anakiimbia pole pole. Nikasema mu roho: huyu iko mulozi, muchawi kabisa. Kumbe alikuwa anadanganya inswa ati mvula inanyesha, batoke.

Alipozikaanga, njaa ikanikamata, lakini nikakataa.

"Onja kwanza weye, kambo."

Akaonja. "Unaona, bwana yangu? Sijakufa."

"Dawa ya mulozi inakawiaka."

Akaonja tena, na tena, ananiangalia tu. Wakati nilimuamini, mu sahani mulibakia chumvi.