Mwalimu wa "Umejuaje?"

Nilifundisha darasa la pili pale Ntobeye miaka mingi, na watoto wa kijiji kizima walikuwa wangu. Kisha kikaja kisichana kimoja chembamba kutoka chuo cha ualimu, kikapewa darasa la sita. Kila Jumamosi, tukitoka shamba la ujamaa, kiliwakusanya vijana mbele ya ghala na kuwahutubia. Hotuba zenyewe zilikuwa swali moja tu: "Umejuaje?"

Siku moja kiliwauliza kwa nini mama zao hawali nyama ya mbuzi. Wakajibu kama tulivyolelewa sote: mwanamke akila mbuzi huota ndevu.

"Nani amemwona huyo mwenye ndevu?"

Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, akanyoosha mkono. "Hakuna, mwalimu. Hata mama hajamwona. Anasema tu."

Vijana wakacheka, nami nimesimama palepale na jembe begani. Kile kisichana kikamtazama mwanangu kwa mapenzi, utadhani kimemzaa chenyewe. Roho iliniuma. Wivu nilikuwa nao, na simwombi mtu radhi.

Tangu hapo, nyumbani ikawa mwalimu kasema hivi, mwalimu kasema vile. Mimi niliyembeba mgongoni nikawa mtu wa kusema tu.

Vita vilipoanza, mume wangu alikwenda na wenzake wa mgambo. Barua hazikuja. Kisha shemeji yangu akafika kutoka Biharamulo na habari kwamba ndugu yake ameuawa. Majirani wakajaa uani wakilia, mmoja akazima moto jikoni, kama desturi ya msiba. Nikajitupa chini.

Binti yangu akamwendea ami yake. "Shikamoo, baba mdogo. Uliiona maiti?"

"Marahaba. Sikuiona, mwanangu. Niliambiwa."

"Aliyekwambia aliiona?"

Huyo naye alikuwa ameambiwa.

"Basi bado hatujui," akasema, akaenda kuuwasha moto upya.

Maneno hayo ndiyo yaliyonishikilia mpaka vita vikaisha. Na kila nilipoyakumbuka niliisikia sauti ya kile kisichana ndani yake. Yaani hata tumaini la kumwona tena mume wangu mwenyewe niliazimwa na yule!

Jioni moja mume wangu akaingia uani, amekonda, lakini mzima. Binti akamrukia shingoni, akalia, akacheka. Kisha akatoka mbio, hata mimi hakunitazama. Baba yake akauliza mtoto anakimbilia wapi.

"Kwa mwalimu wake," nikamwambia.

Hakuniuliza nimejuaje.